Upanga wa feleji wa urithi: uhifadhiwe, ukarabatiwe au ung'arishwe upya?

Upanga mrefu ulionyooka, wenye makali pande zote mbili na mpini usio na kikinga mkono, watu wa Pwani waliuita upanga wa feleji. Oman ni saif, na wakusanyaji wa Ulaya wamezoea kuuita kattara. Bado umo katika nyumba nyingi za Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na Maskati, aghalabu umeviringishwa kitambaa juu ya kabati. Siku unapotolewa kwa ajili ya arusi au mgawanyo wa mirathi, bapa limeshika kutu, ngozi ya ala imepasuka na mpini unacheza. Ubishi huanzia hapo. Mmoja anataka uachwe ulivyo, mwingine anataka bwana harusi auvae Ijumaa, na wa tatu keshazungumza na fundi mwenye mashine ya kung'arishia.

Kila mmoja ana hoja yake, na hapa chini njia zao tatu zimepimwa kwa vipimo vilevile. Tunashikilia jambo moja tangu mwanzo: bapa, mpini na ala ni vitu vitatu, na si lazima vipate dawa moja. Bapa linaweza kustahili kubaki na weusi wake huku ala ikishonwa upya. Wengi wanaojuta waliamua mara moja kwa vitu vyote vitatu.

Vipimo vya kuamulia

Kipimo kikubwa ni kama kazi inaweza kutenguliwa. Nta hufutika kwa thina, na gundi ya ngozi, ile inayopatikana kwa kuchemsha ngozi za wanyama, hulainika kwa mvuke wa maji moto. Chuma kilichosagwa hakirudi, wala alama ya mhunzi iliyofutika. Kinachofuata ni matumizi: utakaa kabatini, utavaliwa arusini, au utauzwa? Kisha usalama wa anayeushika na waliomzunguka. Halafu mkono unaotakiwa, maana kuna kazi za mwenye nyumba, kuna za sonara na seremala, na kuna za mhifadhi wa makumbusho. Baada ya hapo ndipo muda na gharama. Matunzo ndiyo husahauliwa: bapa linalong'aa kama kioo, katika hewa ya bahari, hudai kazi nyingi kuliko bapa jeusi, na atakayeifanya ni wewe, fundi akishaondoka.

Kabla ya kuchagua, kagua

Kuchomoa upanga ndiko kunakokata watu vidole. Ala ya zamani ni mbao mbili nyembamba zilizobanwa na ngozi. Gundi ikishachoka, makali hupenya kwenye maungio. Usiizungushie ala mkono. Ishike kwa pande zake pana, dole gumba huku na vidole kule, maungio yakiwa wazi. Vuta sawasawa bila kuzungusha. Ukigoma, usimamishe mpini ukiwa juu, dondosha matone matatu au manne ya mafuta ya cherehani kwenye bapa pale linapoingia mdomoni mwa ala, ngoja siku moja au mbili, ujaribu tena. Mafuta yataacha doa kwenye mbao za ndani, lakini doa ni afadhali kuliko mdomo uliopasuliwa kwa nyundo.

Ukishatoka, piga picha pande zote mbili, rula ikiwa kando, kabla ya kufuta chochote. Vaa glavu za nitrili, maana jasho lina chumvi na alama ya kidole huota kutu baada ya siku chache.

Pangusa bapa kwa kitambaa cheupe kikavu. Unga wa rangi ya chungwa ukibaki kitambaani, hiyo ni kutu hai. Weusi au hudhurungi iliyobana, isiyotoka hata kwa ukucha, ni kutu iliyotulia na haina haraka. Vitone vidogo vya majimaji ya njano, au vijipovu vikavu vinavyopasuka ukivigusa, ni ishara mbaya zaidi: chumvi imo ndani ya vishimo vya chuma. Kwa upanga uliokaa miaka mingi karibu na bahari, hilo ni la kutarajia.

Zima taa, elekeza tochi kutoka pembeni, mwanga ulale juu ya bapa. Hapo ndipo alama hafifu zinapojitokeza. Mabapa mengi ya aina hii yaliletwa na biashara kutoka Ulaya, hasa Solingen ya Ujerumani, na alama zinazojulikana sana ni mbwa mwitu anayekimbia, aliyechorwa kwa mikwaruzo michache tu, na mwezi mchanga. Wahunzi wa kwingine waliziiga, kwa hiyo alama peke yake si hati ya ukoo. Ila ni ushahidi, na mara nyingi kina chake ni kidogo kiasi kwamba msasa hupita nayo bila mtu kujua. Tafuta pia maandishi ya Kiarabu na mawimbi madogomadogo kama maji yaliyoguswa na upepo. Chuma chenye mawimbi hayo ni habari nyingine kabisa, tutalirudia.

Mwisho, mpini. Shika bapa kwa kitambaa kinene, mpini kwa mkono wa pili, tikisa kidogo. Angalia noleo, ile pete ya chuma au fedha pale bapa linapoingia mpinini: je, kuna michirizi ya kutu? Mbao zimefura? Kwa lenzi ya kukuza mara 10 fuata makali yote mawili hadi kwenye noleo ukitafuta ufa unaokatiza bapa. Ukiupata, upanga huo hauvaliwi, na mjadala wa njia ya pili, ya kukarabati ili uvalike, umekwisha.

Njia ya kwanza: kuhifadhi ulivyo

*Kazi yenyewe.* Lengo ni kusimamisha kutu hai, si kuondoa kila doa. Funga mpini kwa mfuko wa plastiki ili vimiminika visiingie kwenye mbao na ngozi. Futa mafuta ya zamani kwa thina, kisha kwa spiriti. Toa unga wa kutu kwa brashi laini ya nailoni. Paka mafuta mepesi, acha saa 24, kisha kwangua madoa ya rangi ya chungwa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa. Panapogoma, tumia ukingo wa kipande cha shaba, ambayo ni laini kuliko feleji na haitachimba. Baki likihitaji zaidi, sugua kwa stilwaya laini kabisa, namba 0000, yenye mafuta, kufuata urefu wa bapa na juu ya doa tu.

Simama mara weusi unapoonekana. Weusi huo ni oksidi iliyobana, na ndio unaokinga chuma kilicho chini. Wengi hapo hupata tamaa, na ndipo uhifadhi unapogeuka ung'arishaji wa nusunusu usiopendeza kwa mzee wala kwa bwana harusi.

Futa mafuta yote kwa spiriti, kausha kwa hewa ya vuguvugu, kisha paka nta ya mikrokristali (Renaissance Wax ndiyo inayojulikana zaidi) kidogo sana, ngoja dakika kumi, sugua kwa pamba. Rudia mara ya pili siku inayofuata. Nta ya nyuki hutumika pia, ila inanata, inakamata vumbi, na ina asidi kidogo.

*Kinachopotea.* Karibu hakuna kitu. Yote uliyopaka yanaweza kufutwa na mtu mwingine baada ya miaka hamsini.

*Kinachokwenda kombo.* Ndimu na siki. Sinia za shaba zimesuguliwa kwa ndimu na majivu miaka nenda miaka rudi, na kwa sinia si vibaya. Kwenye feleji asidi haichagui: hula kutu na hula chuma kilicho chini yake, inaacha kijivu chafu, na bapa lisipokaushwa vizuri huota kutu mpya kabla ya jioni. Soda za kola zina asidi ya fosforasi na zinafanya kazi hiyohiyo kwa upole kidogo. Jiki ni mbaya kuliko zote, kwa sababu inaacha kloridi, yaani chumvi ya klorini, na hiyo ndiyo inayoifanya kutu isilale.

Kutu ya chungwa ikirudi palepale baada ya wiki mbili tatu, usiendelee kusugua. Chumvi imo ndani ya vishimo na kazi hiyo ni ya mhifadhi wa makumbusho.

*Mkono na muda.* Mwenye nyumba mwangalifu anaiweza. Weka saa 6 hadi 10 za kazi zilizogawanywa katika wiki moja. Gharama ni ya vifaa tu.

*Matunzo.* Utazamwe kila miezi mitatu ukiwa Pwani, upakwe nta mara moja kwa mwaka.

*Unamfaa nani.* Mwenye upanga wenye alama, maandishi au mawimbi, asiyejua bado alicho nacho, anayefikiria kuuza, na familia ambayo haijakubaliana.

Njia ya pili: kukarabati ili uvalike

*Kazi yenyewe.* Bapa linatendewa kama katika njia ya kwanza. Tofauti iko kwenye mpini na ala, na humo ndimo ufundi mwingi ulimo.

Mpini unaocheza una sababu tatu. Huenda lakiri iliyojaza nafasi kuzunguka msuka, yaani ulimi wa chuma unaozama ndani ya mpini, imekauka na kuvunjika. Huenda ribiti zinazopita mpinini zimelegea. Au msuka wenyewe umeliwa na kutu. Mbili za kwanza zinatengenezeka. Ya tatu ndiyo ya hatari, na dalili zake ni kutu inayotoka kwa magamba kwenye noleo na mbao zilizopasuka kutoka ndani, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho.

Lakiri ya zamani hulainika chini ya joto la maji yanayochemka, kwa hiyo mfuko wa maji moto uliofungwa kuzunguka mpini hutosha. Usithubutu kuchoma bapa kwa moto ili joto lipande mpinini. Feleji ikifika karibu nyuzi 220 za selsiasi huanza kugeuka rangi ya majani makavu, ikikaribia 300 huwa buluu, na kila rangi ni ugumu unaopotea. Mafundi wa visu wanaolifanya hili kila siku wanatengeneza visu vipya. Bapa la urithi halina la pili.

Kujazia upya kuna hoja mbili. Lakiri mpya inaondoleka siku yoyote, lakini upanga unaovaliwa juani na kuchomolewa mara kwa mara utailegeza tena. Epoksi inashika, ila mkarabati ajaye atalazimika kuuvunja mpini ili kutoa msuka. Suluhisho la katikati ni kupaka msuka na tundu la mpini Paraloid B-72, plastiki ya akriliki wanayoitumia wahifadhi, iliyoyeyushwa kwa asetoni, kuiacha ikauke kabisa, kisha kujaza epoksi juu yake. Siku ya kutengua, asetoni huyeyusha ule utando na epoksi hutoka na umbo lake.

Ribiti zilizolegea zisigongwe tena. Kichwa huchomoka na kung'oa mbao. Chimba kichwa tu kwa keekee ndogo, sukuma ribiti itoke, weka mpya ya shaba laini yenye kipenyo kilekile. Za zamani zitie kwenye bahasha ikae na upanga.

Waya wa fedha uliolegea kwenye mpini usichomewe risasi. Rudisha mahali pake, shikilia kwa tone la Paraloid. Kipande kilichokosekana ni kazi ya sonara, na mpe kipande cha waya wa zamani apime unene badala ya kukisia. Fedha isafishwe kwa unga laini wa chaki uliochanganywa na spiriti, kwa pamba, ukiacha weusi ndani ya nakshi, maana ndio unaoifanya nakshi isomeke. Usitumie majimaji ya kutumbukiza vyombo vya fedha. Yakipenya chini ya waya hubaki kwenye mbao na huendelea kula kimyakimya.

Ala inataka subira. Ngozi inayotoa unga mwekundu ukiigusa imeoza kwa asidi yake yenyewe. Mafuta, maji na rangi ya viatu huifanya iwe nyeusi na ngumu, kisha ikatike. Inayosaidia ni Klucel G, unga wa selulosi wa kuimarishia ngozi, gramu 2 kwa mililita 100 za spiriti, ikipakwa kwa brashi laini mpaka unga ushike. Mishono irudishwe kupitia matundu yaleyale kwa sindano butu na uzi wa kitani. Palipokosekana ngozi, weka kiraka kutoka chini, cha ngozi ya mbuzi iliyopunguzwa unene hadi chini ya milimita 1. Usikiweke juu kama kiraka cha tairi.

Mbao zilizoachana zigundishwe kwa gundi ya ngozi na kufungwa bandeji ya kuvutika kwa saa 24. Upanga usiwe ndani wakati huo: gundi ina maji, na bapa litaamka na kutu. Badala yake ingiza ubao mwembamba wenye umbo la bapa, uliofungwa plastiki.

Pete za shaba au fedha hafifu zinapogusana na ngozi iliyopakwa mafuta hutoa uchafu wa kijani, laini kama nta. Kwangua kwa mwanzi, futa kwa spiriti, kisha tia nta kati ya pete na ngozi.

*Kinachopotea.* Kidogo, ila kipo: ribiti, uzi, lakiri ya fundi wa kwanza. Ukiandika karatasi moja ya yaliyobadilishwa na tarehe yake, hasara inapungua sana.

*Kinachokwenda kombo.* Mpangilio. Watu hutengeneza ala kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana, kisha bapa linasafishwa na mpini unakaa tofauti kidogo, na upanga hauingii. Anza na bapa, kisha mpini, ala iwe ya mwisho. Kosa la pili ni ngozi mpya iliyovutwa ikiwa mbichi. Ikikauka hujikunja na kuipinda ala.

*Mkono na muda.* Fundi watatu: seremala mdogo, fundi ngozi, sonara. Tegemea wiki tatu hadi sita, nyingi zikiwa za kungoja vitu vikauke.

*Matunzo.* Kama njia ya kwanza, na ribiti zikaguliwe kabla ya kila kuvaliwa.

*Unamfaa nani.* Nyumba ambamo upanga bado una kazi: bwana harusi mwenye joho na kilemba, Idi, mapokezi. Angalia, lakini: kuvaa si kucheza. Katika razha, ngoma ya panga ya Waomani, upanga hutikiswa, hurushwa juu na kudakwa. Msuka wenye umri wa karne na zaidi haupaswi kuwa juu ya vichwa vya watu, hata ukikarabatiwa vizuri namna gani. Wachezaji wana panga mpya zenye bapa jembamba linalonesa, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Njia ya tatu: kung'arisha upya

*Kazi yenyewe.* Mpini unatolewa ikiwezekana. Bapa linalazwa juu ya ubao mrefu uliofunikwa kitambaa, limefungwa, ncha ikiwa ndani ya ubao. Jiliwa ya chuma itaacha meno. Msasa unabanwa kwenye kipande cha mbao ngumu, kwa sababu kidole peke yake hufuata mabonde na kuyaongeza. Anza na namba 400 yenye mafuta. Shuka hadi 240 pale tu 400 inaposhindwa, kisha panda 400, 600, 800, 1000, 1500. Kila namba isuguliwe kwa mwelekeo ulioinama kidogo tofauti na uliotangulia, ili uone mikwaruzo ya nyuma ikiisha, na ya mwisho ifuate urefu wa bapa. Mifuo, yaani mifereji inayofuata urefu wa bapa, ina kifaa chake: kijiti cha mviringo chenye upana wa mfuo, kilichozungushiwa msasa. Makali yasinolewe. Hakuna matumizi hata moja yaliyotajwa hapa yanayohitaji upanga unaokata.

*Kinachopotea.* Piga hesabu. Bapa lenye unene wa milimita 3, lenye vishimo vya milimita 0.3 pande zote mbili, likisagwa mpaka vishimo viishe linabaki 2.4. Sehemu moja ya tano ya unene imekwenda, na karibu na ncha, ambako bapa ni jembamba zaidi, hasara ni kubwa kuliko hiyo. Kwa hiyo hata ukichagua njia hii, acha vishimo vyenye kina vibaki kama nukta nyeusi. Weusi wa miaka unaondoka wote, alama hafifu huenda nao, na mnunuzi wa vitu vya kale atakuambia bei nyingine.

*Kinachokwenda kombo.* Grenda. Sekunde chache mahali pamoja zinatosha kuchoma makali hadi rangi ya buluu. Gurudumu la kitambaa ni laini zaidi lakini lina hila zake mbili: hulainisha kingo za mifuo hadi bapa lionekane kama limeyeyuka, na likinasa ncha hulirusha bapa zima kuelekea kwa mwenye mashine. Kutoa kutu kwa umeme katika maji ya magadi kunavua kila kitu hadi kijivu, na feleji iliyotiwa ugumu inaweza kunyonya haidrojeni na kuwa tete. Kuna pia wanaoshawishi uchovywe kromu au nikeli ili usishike kutu milele. Hapana. Kwanza bapa linasagwa, kisha linaoshwa kwa asidi, kisha linafunikwa, na kutu hurudi chini ya utando pale utakapopasuka. Tumesema kila njia ina hoja yake, hii haina.

Sasa mawimbi. Chuma hicho kikisuguliwa tu huwa kama kioo na mawimbi hupotea machoni. Kuyarudisha kunataka asidi maalumu, kipimo, na mkono uliokwisha haribu mabapa machache yasiyo na thamani. Ukiyaona mawimbi hata kwa upana wa kidole kimoja, toka kwenye njia hii.

*Mkono na muda.* Kwa mkono, saa 30 hadi 60. Fundi anayeahidi kesho atatumia mashine, hata asiposema.

*Matunzo.* Mafuta mepesi kila mwezi, glavu kila unaposhikwa. Huu ndio upanga utakaokusumbua.

*Unamfaa nani.* Mwenye bapa lililokwisha sagwa zamani na mtu mwingine, lisilo na alama wala weusi wa kulinda. Au bapa la karne ya 20 la kawaida, ambalo familia imekubaliana litundikwe likimeta, na hakuna anayekusudia kuliuza. Kwa hao, mng'aro ni chaguo halali, na bapa lililosuguliwa kwa mkono kwa utulivu hupendeza sana.

Kwa hali yako

*Arusi ni wiki ijayo.* Usianze ukarabati. Fanya njia ya kwanza kwa bapa. Mpini ukicheza, upanga uvaliwe ndani ya ala na usichomolewe; ufunge kwa utepe kwenye pete ya ala ili asiuchomoe kijana yeyote kwa furaha.

*Unataka kuuza.* Usiguse zaidi ya kupangusa vumbi. Picha, vipimo na habari za nani aliurithi kutoka kwa nani zina uzito kuliko mng'aro wowote. Ukiwa Kenya, fahamu kwamba sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inakihesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nje kunataka kibali. Tanzania Bara ina sheria yake ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Uliza idara husika kabla ya kumtafuta mteja wa ng'ambo.

*Unahama nao, au unauleta kutoka Maskati.* Chunguza mpini. Ukiwa wa pembe ya ndovu au ya kifaru, kama ilivyo kwenye majambia kadhaa, CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, unahusika: ulifunga biashara ya pembe za vifaru mwaka 1977, na ya pembe za tembo wa Afrika mwaka 1990. Bila karatasi unaweza kuzuiwa mpakani, na usemi wa "ni wa babu" hautoshi.

*Ndugu hawajaelewana.* Fanyeni njia ya kwanza kwa bapa na ya pili kwa ala. Kutoka hapo bado mnaweza kwenda kwenye mng'aro mwaka ujao. Kutoka kwenye mng'aro hakuna pa kurudi.

*Mpini mzima, ala imeoza.* Tengenezeni ala ya pili, mpya, ya kuvalia, na ya zamani ihifadhiwe tupu. Ni nafuu kuliko kuilazimisha ngozi iliyokufa ifanye kazi.

*Umeshamaliza, unauweka wapi?* Nje ya ala ya ngozi, kwa sababu tanini na chumvi za ngozi hula bapa taratibu. Ulaze umefungwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila rangi, ndani ya sanduku lenye vifuko vya silika jeli, mbali na ukuta unaopigwa na mvua. Ala iwekwe pembeni yake, ndani yake ule ubao mwembamba, ili isijikunje kabla ya arusi nyingine.